Afya na Faragha: Rasilimali ya Mfanya Biashara, na Mafunzo ya Njia ya Tabora

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Imam Bukhari, alipofika katika kitabu chake kwenye mlango wa mambo yanayolainisha nyoyo, aliufungua mlango huo kwa hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas. Maana yake ni kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, nazo ni afya na faragha, yaani ule wasaa anaoupata mtu asipokuwa na shughuli iliyomshika. Hadithi hii husomwa sana misikitini. Wasikiaji hutikisa vichwa kwa kuikubali, kisha killa mmoja hurudi dukani kwake akaendelea kama alivyokuwa.

Yafaa litazamwe neno lenyewe lililotumika, kwani ndani yake mna siri. Neno la Kiarabu ni ghabn, na hilo ni neno la sokoni. Mwenye kughibiniwa ni mtu aliyeuza kitu chenye thamani ya reale kumi kwa reale tatu, akaondoka akishangilia na huku akidhani kuwa amepata. Hakuibiwa, maana alitoa kwa mkono wake. Hakulazimishwa, maana alikubali bei kwa ulimi wake. Siku atakapojua thamani ya kile alichokitoa, mnunuzi amekwisha kwenda zake. Bwana Mtume naye alipata kufanya biashara, akaenda Sham na mali ya Bibi Khadija, akayajua masoko na watu wake. Basi aliposema na wafanya biashara khabari ya miili yao na saa zao, alisema nao kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao awezaye kudai kwamba haielewi.

Kwa watu wa pwani hii, mahali pazuri pa kuisoma hadithi hiyo ni njia ya Tabora. Babu zao waliipita kwa miguu, wengine kwa hiari yao na wengine kwa minyororo, na hesabu ya njia ile haijapata kufungwa sawasawa hata leo.

NJIA YENYEWE

Toka Bagamoyo mpaka Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ni mwendo wa kama kilomita 800. Richard Burton na mwenziwe Speke waliondoka pwani tarehe 27 Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba; yaani siku 134. Stanley mwaka 1871 aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi akafika mwezi wa Juni, na miezi hiyo mitatu ilihesabiwa kuwa mwendo wa haraka. Punda na ng'ombe hawakuweza kutegemewa, kwa kuwa mbung'o waliwaua njiani. Kwa hiyo bidhaa zote zilipanda juu ya mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, ndiyo ratili 70, na juu ya huo alichukua mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Katika Ugogo walitozwa hongo killa kwa mtemi. Wakisha kutoka Ugogo walikabiliwa na pori la Mgunda Mkali, lenye maji machache na vijiji vichache, na humo mwenye kuugua alikuwa na khiari mbili tu: kwenda, au kubaki.

Bidhaa zilizopanda zilikuwa nguo za marekani, zilizoitwa hivyo kwa kuwa zilitoka huko Marekani, na kaniki, na shanga, na masango ya shaba. Zilizoshuka zilikuwa pembe. Na walishuka watu. Jambo hilo la mwisho litasemwa mahali pake bila ya kufunikwa, kwani somo la hesabu lenye kuficha tarakimu moja si somo.

Tabora ilikuwa kituo cha njia zote. Hapo njia ya Ujiji na Manyema iliagana na njia ya Karagwe na Buganda. Wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili walijenga nyumba kubwa za udongo zenye baraza pana, wakapanda maembe, komamanga, ndimu na vitunguu, wakalima ngano na mpunga. Mgeni alipofika, wenyeji walikwenda kumsalimu nyumbani kwake, naye baada ya kupumzika akazunguka killa baraza kurudisha salamu. Burton aliandika kwamba waliishi maisha ya raha, nusura ya anasa. Mtu aliyekuwa Zanzibar, akisikia khabari hizo, alikuwa na haki ya kudhani kwamba mwenziwe wa Tabora amefika peponi.

MUUZA HALWA WA MASKAT

Katika watu waliompokea Burton alikuwamo Snay bin Amir, wa kabila la Harthi. Mtu huyu alianza maisha yake Maskat kwa kutengeneza halwa. Kwa muda wa miaka kumi na sita akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa Unyanyembe. Alikuwa amesafiri baina ya pwani na Tabora mara tatu, akavuka Ziwa Tanganyika, akafika Karagwe na Buganda. Watu wengi walitajirika bara. Lakini Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu mtu, Mwafrika wala Mwarabu wala Mwingereza mwenziwe, alimsifu huyu kwa mambo mengine: kwamba alikuwa msomaji, mwenye kumbukumbu ya ajabu, mjuzi wa lugha, na mwaminifu katika neno lake. Alimsaidia Burton kukusanya maneno ya lugha za bara, akamweleza nchi ambazo Burton hakuziona na hakupata kuziona.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Mtu aliyeko mwendo wa miezi mitatu kutoka pwani, mwenye wasimamizi wa kuwasimamia na pembe za kupima na madai ya kudai, alipata wapi wasaa wa kusoma na kujifunza lugha? Jibu ni kwamba wasaa huo walikuwa nao wote. Biashara ya Tabora ilikuwa na miezi ya kungoja: kungoja masika yaishe, kungoja msafara kutoka Ujiji, kungoja vita vya barabarani vitulie. Miezi hiyo wengine waliitumia katika usingizi na mabishano ya barazani. Snay aliitumia kwa kujiongezea ilimu. Faragha ile ilikuwa ya wote kwa kipimo kimoja, na bei aliyoiuzia killa mmoja ikawa mbali na bei ya mwenziwe.

Jambo la kuanza na kidogo si geni katika Uislamu. Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hana kitu, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alitaka kumpa nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Akarudi jioni na jibini kavu kidogo na samli. Katika samli ile ukatoka utajiri mkubwa kabisa, na katika utajiri ule zikatoka sadaka ambazo wanachuoni wameziandika. Alikataa nusu ya mali kwa sababu alikuwa na rasilimali nyingine ambayo Saad hakuihesabu: mwili mzima, akili, na siku nzima mbele yake.

Ama mwisho wa Snay bin Amir ulikuwa mchungu. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alitoza kodi bidhaa za wafanya biashara. Wao wakakataa, wakaingia katika ugomvi wa utemi, wakamtoa na kumweka Mkasiwa. Vita vikaendelea miaka. Speke aliporudi Tabora mwaka 1861 aliambiwa kwamba rafiki yake Snay ameuawa katika vita hivyo. Mtu mwenye ilimu yote ile alikufa katika vita vilivyoanzia kwenye kodi ya nguo. Haifai kumhukumu maiti, na huenda kodi yenyewe ilikuwa nzito. Lakini mfanya biashara anayesoma khabari hii ana haki ya kuuliza ni doti ngapi za marekani zingalitosha kuwa badala ya maisha ya mtu kama yule.

MWILI UNA HAKI

Salman Mfursi alipomzuru Abu Dardai alimkuta amejitesa kwa saumu na sala za usiku hata ameiacha nyumba yake. Akamzuia, akamwambia kwamba nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumbani wana haki, na killa mwenye haki apewe haki yake. Khabari ikafika kwa Bwana Mtume, naye akasema kwamba Salman amesema kweli. Basi ikiwa ibada yenyewe haikupewa rukhusa ya kuumaliza mwili, biashara itaipata wapi rukhusa hiyo?

Njia ya Tabora iliimaliza miili ya watu kwa maradhi mengi, na inafaa yajulikane kwa sababu zake, kwani zama zile sababu zake hazikujulikana.

Kwanza, ndui. Burton mwaka 1857 alikuta njiani maiti za wapagazi waliokufa kwa ndui, walioachwa na misafara yao. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, ambaye babaye alikuwa na makazi Unyanyembe na akamwoa Karunde binti Fundikira, aliugua ndui katika safari zake za ujana akapona. Ugonjwa huo leo haupo tena. Mtu wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida alionekana mji wa Marka katika pwani ya Banadir mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetoka ulimwenguni. Imetoka kwa chanjo. Wako waliokataa chanjo zama hizo kwa kusema kwamba ni kukimbia kudura, na hao watajibiwa hapa chini.

Pili, kipindupindu. Mwaka 1869 na 1870 kiliingia Unguja kikaua watu maelfu. Tabibu Christie, aliyekuwako mjini wakati huo, alikifuatilia kwa kuuliza wasafiri, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1876 kuonyesha kwamba ugonjwa ulikwenda kwa mwendo wa misafara: palipolala msafara ndipo ulipolala ugonjwa. Vivyo hivyo funza, mdudu anayeingia vidoleni, hakuwako katika bara hili zamani. Aliletwa na jahazi kutoka Brazil mpaka pwani ya Angola mwaka 1872, naye akalivuka bara zima kwa nyayo za wapagazi, akafika pwani ya mashariki kwa muda wa kama miaka ishirini. Hakuna mfanya biashara aliyeandika funza katika daftari la bidhaa zake, naye alifika salama kuliko pembe.

Tatu, homa. Killa homa iliitwa homa, na zilikuwa nyingi. Ile ya malaria hutokana na mbu, na jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Nyingine ni homa ya papasi, ambayo humshika mtu siku chache, ikamwacha akidhani amepona, kisha ikarudi tena na tena. Watu wa bara waliwaogopa papasi tangu zamani, na Wazungu waliwacheka. Mwaka 1905 Robert Koch, tabibu mkubwa wa Kijerumani, aliwachunguza papasi katika mabanda ya kulala wasafiri kando ya njia za misafara, akaona wamebeba vijidudu vya homa hiyo, akawanasihi wasafiri wasilale humo. Mwaka huo huo tabibu Dutton wa Liverpool, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo hiyo katika Kongo, alikufa kwayo huko Kasongo, mji uliokuwa makao ya Tippu Tip.

Na Tippu Tip mwenyewe? Alivuka mito na mapori, akapigana vita vingi, akarudi Zanzibar na utajiri uliosemwa katika nchi zote. Akaandika khabari za maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu hicho kimejaa hesabu za pembe, vita na madeni. Alikufa mwezi wa Juni 1905, kwa homa ya malaria, nyumbani kwake mjini. Mdudu mdogo aliyemwua hakuwa wa Manyema. Alikuwa wa hapo hapo, na huenda alizaliwa katika mtungi wa maji.

Sasa wale wanaosema kwamba kujikinga ni kukimbia kudura. Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapata khabari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kudura ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kudura moja ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kudura nyingine yake, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kudura. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, yule yule wa jibini na samli, akasema kwamba amemsikia Bwana Mtume akikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Lau misafara ya mwaka 1869 ingaliifuata hadithi hii, ambayo masheikh wa misafara waliisoma, watu wangapi wangalisalimika! Hawakukosa ilimu. Walihofia kupoteza msimu mmoja wa biashara.

Mfanya biashara wa leo hapiti Mgunda Mkali. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na miezi mitatu ikawa siku chache. Hatari yake imehamia katika kiti. Hufungua duka alfajiri, hukaa hapo hata baada ya isha, hula mbele ya meza ya fedha maandazi na chai yenye sukari nyingi, na mazoezi yake ni kunyoosha mkono kuchukua kitu rafuni. Shinikizo la damu halimwumi mtu. Hukaa naye kimya miaka mingi likiharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo, hata siku moja likampooza upande mmoja na ulimi. Kisukari nacho huanza kwa kiu na kwenda haja ndogo mara nyingi, na mwenyewe husema ni joto. Yote mawili hujulikana kwa kupimwa, na kupimwa ni kazi ya dakika chache. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo hukagua mizani yake na kuhesabu bidhaa zake ghalani, asikubali gunia moja lipotee bila ya kujulikana. Lakini damu yake hajaipima tangu kuzaliwa. Kupunguza chumvi na sukari, kwenda msikitini kwa miguu badala ya kupanda chombo, na kulala usiku ni dawa zisizouzwa, na pengine ndiyo sababu hazithaminiwi.

DENI

Mlango huu ni mfupi lakini watu wengi wamelala ndani yake. Wengi wa wafanya biashara wa bara hawakuwa na mali zao wenyewe. Walichukua bidhaa kwa matajiri wa Kihindi Zanzibar, kama Taria Topan aliyemtolea Tippu Tip mali, wakaahidi kulipa kwa pembe baada ya miaka miwili au mitatu, na bei ya mkopo ilikuwa mbali na bei ya taslimu. Mwenye kufanikiwa alilipa akachukua tena. Mwenye kupata hasara alibaki bara. Walikuwako watu Tabora na Ujiji wenye nyumba nzuri na miembe na wageni, ambao hawakuweza kushuka pwani kuwaona mama zao, kwa sababu ya daftari lililokuwa likiwangoja. Mpita njia aliiona baraza akasema hapa pana raha.

Bwana Mtume katika dua zake aliomba kulindwa na hamu na huzuni, na ajizi na uvivu, na uzito wa deni, na kushindwa nguvu na watu. Wanachuoni wamezingatia jinsi mambo hayo yalivyotajwa pamoja. Hamu ni ya jambo linalokuja na huzuni ni ya jambo lililopita, na deni humpa mtu yote mawili kwa usiku mmoja: huhuzunika kwa alichochukua na hutaabika kwa siku ya kulipa. Usingizi ukiondoka, afya hufuata. Basi mwenye kupima furaha ya mfanya biashara asipime ukubwa wa duka. Aulize kama mwenyewe hulala.

MABEGA YA WATU WENGINE

Mpaka hapa imesemwa khabari ya tajiri na mwili wake. Lakini frasila mbili hazikukaa begani kwa tajiri. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi waungwana, watu wenye sifa ya kazi hiyo, waliokubaliana ujira wa nguo na kujivunia safari zao. Wengine walikuwa watumwa. Na kushuka pwani, pamoja na pembe, walishushwa watu waliotekwa na kununuliwa Manyema na kwingineko, na wafanya biashara wa Tabora, hata yule msomaji aliyesifiwa hapo juu, walikuwa na fungu katika biashara hiyo. Sayyid Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar mwezi wa Juni 1873, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa ya nchi kavu. Utumwa wenyewe ukaondolewa kwa sharia Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922.

Wako wanaosema kwamba ilikuwa desturi ya zama zile. Desturi haimjibii mtu mbele ya Mola wake. Imepokewa na Abu Huraira, na iko katika Bukhari, hadithi ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa khasimu wao siku ya Kiyama, na wawili wao ni wafanya biashara: aliyemwuza mtu mwungwana akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akatimiziwa kazi asimpe ujira wake. Mabinti na vijana waliotekwa Manyema walikuwa waungwana usiku wa kuamkia kutekwa kwao. Na mpagazi aliyeachwa na ndui kando ya njia, ujira wake aliulipwa nani?

Afya na wasaa ni neema mbili, na yako makosa mawili juu yake. La kwanza ni kuuza zako kwa bei ya kutupa, na hilo ndilo ghabn. La pili ni kuchukua za mwenzio bila ya bei, nalo jina lake ni dhulma. Tajiri wa zama hizi asidhani kwamba mlango huu haumhusu. Kijana wa dukani anayesimama tangu alfajiri hata usiku bila ya siku ya kupumzika, na mchukuzi wa gunia anayelipwa nusu ya alichoahidiwa kwa kuwa hana wa kumsemea, na mtumishi wa nyumbani anayeugua akaambiwa arudi kwao, hao wote wako katika daftari, japokuwa si katika lile linaloonyeshwa wakusanya kodi.

Jina la Bagamoyo lenyewe limefasiriwa kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba ni neno la mpagazi aliyefika pwani akautua mzigo na kuubwaga moyo wake kwa raha. Na wako wasemao kwamba ni neno la mtumwa aliyeiona bahari, akajua kwamba hatarudi, akauacha moyo wake hapo. Maneno ni yale yale na njia ni ile ile. Tofauti ni nani aliyechukua nini.

MTOTO WA MANYEMA

Katika watoto walioshushwa kwa njia ile alikuwamo mmoja wa Manyema, aliyefika Bagamoyo akiwa mdogo akaingia katika nyumba ya ukoo wa Lamki, nyumba ya Liwali. Akaitwa Yahya bin Abdallah, na watu wakamjua kwa jina la Ramiya. Hakuwa na baba wa kumrithisha wala ndugu wa kumkopesha. Alianza kwa kuuza samaki. Samaki ni biashara ya asubuhi: mwenye kuuza amekwisha uza kabla ya jua kukaza, au amekwisha pata hasara. Baadaye alinunua mashamba ya minazi, na mnazi ukisha kushika haumtaki mwenyewe killa saa.

Saa alizozipata alizipeleka kwa masheikh. Alisoma mpaka akawa mwanachuoni, akafungua chuo, wanafunzi wakamjia, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria katika Bagamoyo na mmoja wa masheikh wakubwa wa mrima wote. Wenye nasaba ndefu walikaa mkekani mbele ya mtu aliyeletwa mjini kama bidhaa. Katika zama za Waingereza akawekwa kuwa Liwali wa Bagamoyo, akaketi katika kiti cha nyumba iliyompokea utumwani.

Angaliweza kuongeza mashamba mpaka kufa kwake, na hakuna ambaye angalimlaumu. Mtu aliyepokonywa killa kitu utotoni ana udhuru wa kukusanya. Alijua kiasi kinachomtosha, akanunua kwa kilichobaki kile ambacho hakuna tajiri wa Tabora aliyekishusha pwani. Alifariki mwaka 1931. Chuo chake akakirithi mwanawe, Sheikh Muhammad, akakiendesha zaidi ya miaka hamsini, na watu wa pwani na wa bara wakawa wakikutana Bagamoyo kwa ziara. Waliotoka bara walishuka kwa reli, wakapita kwa siku moja mahali ambapo yule mtoto alipita kwa miezi kwa miguu yake.

Wallahu aalam.